Wiki Inaanza Jumamosi

Tarehe 9, mwezi wa pili

Mume wangu,

Umerukwa na akili, au huko ghalani kwenu umeangukiwa na boksi kichwani? Nilikuomba sindano. Nilikuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, herufi moja moja, nikasema niletee sindano zenye matundu, kwa sababu viwanda vya siku hizi vinatengeneza sindano zisizo na tundu, paketi hii na ile zote ni zilezile. Leo kifurushi kimefika. Nikakifungua mbele za watu, kwa maringo, mjukuu wangu kaniletea vitu, kumbe ndani ni kitabu. Tena kitupu! Hakina hata hadithi. Visanduku saba, ukifunua karatasi visanduku saba tena, hivyo hivyo mpaka jalada la mwisho. Na bahasha ya picha za kubandika, kama zile anazopewa mtoto aliyekubali kunywa dawa.

Haya, salamu sasa. Marahaba. Mimi sijambo. Jirani yangu Msusi hajambo, ndiye anayenisomea barua zako, maana mwandiko wako siku hizi ni kama sisimizi wamepita kwenye wino. Urekebishe. Shangazi yako bado yuko kwa binti yake wanalea mapacha, anasema hapati hata nafasi ya kujikuna. Cherehani nimeitia mafuta, inakusalimu.

Msusi amenisomea karatasi uliyoibandika juu, eti hiki ni kitabu cha kupangia wiki. Nani kakuambia wiki yangu imevurugika? Ukuta wangu unaujua tangu unanyonya kidole. Nguo ikija nakata kipande cha kitambaa chake, nakichomeka pini ukutani chini ya siku yake. Bluu ya sare za shule, Alhamisi. Zambarau ya gauni la mke wa mwalimu, Ijumaa. Kazi ikiisha nakichomoa. Hakuna picha ya jua wala ya mwezi. Nimeshonea mtaa huu mzima na sijawahi kumchelewesha mtu, na wewe unayetaka kunifundisha kupanga siku ulichelewa hata kuzaliwa. Mama yako alikusubiri mpaka wakunga wakaanza kugombana.

Kuhusu lile jambo la jicho, sijalisahau na silizungumzi.

Tuma sindano.

Bibi yako, ambaye ni mke wako mpaka utakapompata mwingine wa kukuvumilia


24 Februari

Shikamoo Bibi,

Nakusalimu sana, na Msusi anayesoma hapa namsalimu pia, na namwomba asiongeze maneno yake katikati. Mimi mzima. Ghalani tumepokea vipuri vya matrekta, boksi juu ya boksi, na bosi wetu, yule tunayemwita Mama Kufuli kwa kuwa funguo zote zinashinda kiunoni mwake, ametuhesabisha bolti mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Chumbani kwangu salama, ila mwenye nyumba ameupaka mlango rangi na sasa haufungi.

Sindano nimezitafuta. Bibi, zote zina matundu. Nilizitazama moja moja pale dukani mpaka muuzaji akaniuliza kama nimetumwa kumkagua. Nimekutumia hizi, ndizo zenye tundu kubwa kuliko zote, wanashonea magunia.

Sasa kitabu. Usikasirike kwanza. Mimi kila Jumapili mchana hukaa mezani na changu. Pembeni mwa ukurasa natia utepe wa gundi wenye mistari, juu naandika kichwa cha wiki kwa kalamu nene, halafu kila shughuli na rangi yake: kijani ni kazi, njano ni nyumbani, waridi ni watu. Mahali palipobaki wazi nabandika stika ndogo, jani au kikombe, ili ukurasa usikae kama umenuna. Nikimaliza nautazama, moyo unatulia, naona kabisa kwamba wiki imenisikia.

Chako nimekichagua chenye visanduku vikubwa. Sikuandika majina ya siku, yanaharibu sura ya ukurasa, na visanduku vyenyewe vinajieleza. Stika ya jua ni dawa ya matone ya asubuhi. Mwezi ni matone ya jioni. Moyo mwekundu ni mmoja tu, na nimeubandika mwenyewe: ndiyo siku ya daktari wa macho. Unajua anakuja hapo kwenu mara moja tu kwa mwezi, na alimwambia Shangazi wazi kwamba huyo mtoto wa jicho akiendelea kuachwa, cherehani utaisikia tu, hutaiona. Wiki yenyewe nimeitilia utepe usipate shida kuifungua. Moyo uko kisanduku cha tatu.

Kliniki haimpasui mtu asiyekuwa na wa kumrudisha nyumbani na kulala naye usiku ule. Najua hutaki jirani akushike mkono barabarani, hata Msusi. Nitakuja mimi. Nimeshaandika kwenye kitabu changu, OMBA RUHUSA KWA BOSI, nimeyazungushia maneno hayo utepe wa dhahabu na nyota mbili.

Mumeo


Tarehe 13, mwezi wa tatu

Mume wangu wa karatasi,

Ulikuwa wapi?

Sijakusalimu kwa sababu sijamaliza kukasirika. Nikimaliza nitakusalimu.

Nilioga. Nikavaa lile gauni la kijivu lenye kola. Nikakifungua kitabu chako penye utepe, nikahesabu kwa kidole, kimoja, viwili, vitatu, moyo huo, hata mimi niliuona, mwekundu kama nyanya. Nikafunga mlango, nikaenda peke yangu, kuta zote za njia hiyo zinanijua na mimi nazijua kwa mkono. Nilijua nitakukuta pale kwenye ngazi.

Hukuwepo. Nikasema gari limechelewa, nikaingia ndani nikakaa. Mume wangu, kliniki nzima ilikuwa watoto wachanga! Huyu analia, huyu anapimwa uzito, huyu kalikojolea benchi nililokalia. Nikajisemea labda siku hizi wanapasuliwa macho mapema. Nesi akanijia na faili. "Bibi, mtoto yuko wapi?" Nikamwambia, "Huyu hapa, jichoni." Akadhani namtania. Akasema, "Daktari wa macho ni Jumatano, Bibi. Leo ni Jumatatu." Nikamwambia ndiyo, Jumatatu, kisanduku cha tatu. Akamwita mwenzake waje wanitazame wawili.

Sasa nikuulize wewe msomi. Wiki inaanza lini? Wiki inaanza Jumamosi. Jina lenyewe linajihesabu, hata mtu ambaye hajaona mlango wa darasa anajua. Jumamosi napokea nguo, Jumapili nakata, Jumatatu ndiyo ya tatu, nakaa kwenye cherehani. Wewe ya kwako inaanza lini? Na nani aliyeihamisha, Mama Kufuli?

Jumatano Msusi alikuja kunigongea, twende Bibi, leo ndiyo yenyewe, nitakushika mkono. Sikufungua. Mtu haendi kliniki mara mbili wiki moja kama aliyesahau mwavuli.

Haya. Nimemaliza. Marahaba. Mapacha wameota meno. Sindano za magunia nimezipokea, zinatoboa shati kama risasi, lakini uzi unaingia. Nijibu.

Bibi


2 Aprili

Shikamoo Bibi, shikamoo tena, na ya tatu,

Kosa ni langu. Vitabu hivi vyote vinaanza Jumatatu na mimi nimevizoea, sikufikiria. Niliposoma kuhusu kile kichanga na benchi nilicheka, halafu nikaona aibu ya kucheka, halafu nikacheka tena. Nisamehe. Na hiyo Jumatano yenyewe nayo, huku kazini, ilikuwa na mambo mengi.

Kwa hiyo nimekutumia stika za majina ya siku, zimeandikwa kwa herufi nene, zina kivuli cha bluu. Ziweke unapotaka wewe. Jumamosi mbele, sawa.

Kuhusu tarehe. Mwezi huu ghala lina ukaguzi. Mwezi wa tano ndio wa mizigo, hata kukohoa ni kwa zamu. Nimeona Juni ndiyo itakayofaa, Jumatano tarehe 10. Nimekutumia moyo mpya, mzuri kuliko ule wa kwanza, una kingo za dhahabu. Na kwenye kitabu changu lile jambo la OMBA RUHUSA nimelihamishia wiki ijayo, nimelichorea mshale na kulipaka rangi ya chungwa ili lisinipite.

Jambo jingine, Bibi. Barua yako imekuja kwenye karatasi ya kaki ya kukatia nguo, imekunjwa na kukunjwa, na herufi zake ni kubwa kama za ubao wa duka. Mwenye nyumba alidhani ni tangazo la mnada. Mwaka jana ulikuwa unaniandikia kwenye karatasi ya kawaida. Sisemi kitu. Nimesema tu.

Kula vizuri.

Mumeo


Tarehe 18, mwezi wa nne

Mume wangu,

Herufi zangu ni kubwa kwa sababu nina mengi ya kusema. Yako ni ndogo kwa sababu unaficha.

Sikia. Msusi alikuwa ananisuka, anasoma barua yako ameibana kwa goti, akafika pale uliposema Jumatano yenyewe ilikuwa na mambo mengi. Nikamwambia simama hapo hapo. Rudia. Akarudia. Mwanangu, mimi sikusoma lakini naijua nguo iliyopunguzwa kitambaa. Kama siku ile ningekwenda Jumatano yako, yenye kuhesabiwa kisasa, ningekukuta kwenye ngazi? Nisingekukuta. Ningekaa peke yangu vilevile, tofauti ni harufu ya mikojo. Kosa la Jumamosi na Jumatatu limekufaa wewe kuliko lilivyonidhuru mimi, umelikimbilia kama mtu aliyepata kivuli.

Hukuomba ruhusa. Si ndiyo? Umeiandika, umeitia dhahabu, umeitia nyota, sasa umeitia mshale. Unaipamba wiki kama chumba cha maharusi halafu hulali humo.

Sitaki moyo wako wa kingo. Nimempa Msusi, kaubandika kwenye kioo cha saluni. Siendi. Jicho ni langu na giza likija litakuwa langu.

Kitabu nakitumia, usijisifu, ni kwa sababu ukuta umeingia unyevu. Vipande vya vitambaa nimevitia gundi humo, kila mteja kwenye siku yake, ukipapasa ukurasa unajua leo ni pamba au ni sufu. Jua na mwezi zako zinabanduka. Nikitia matone asubuhi nashona kifungo cheupe, jioni nashona cheusi. Msusi ananitungia uzi wa kutwa nzima kabla hajafungua saluni. Kitabu kimevimba hakifungi, nimekifunga mkanda. Juzi sindano yako ya magunia ikapitiliza, nikashona wiki mbili pamoja. Ya pili yake haifunguki tena. Basi, hiyo sitaiishi.

Msusi anakwambia eti nimelisalimia koti lililotundikwa mlangoni mwake. Ni kweli. Koti lilikuwa limesimama vibaya.

Sina salamu za mtu mwingine.

Bibi


29 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nimeandika barua hii na kuichana, na kuiandika tena. Hii sijaipamba.

Sikuomba ruhusa. Februari sikuomba, Machi sikuomba. Kila Jumapili naiandika upya, nachagua rangi, nabandika, na nikimaliza kuibandika najiona kama nimeshaomba. Jumatatu naingia ghalani, Mama Kufuli anapita na funguo zake zinalia, mimi najifanya nahesabu bolti. Naye ni mkali, hilo usibishe. Aliwahi kumrudisha dereva nyumbani kwa sababu ya soksi.

Lakini si yeye tu. Mara ya mwisho kusimama mbele ya meza yake kuomba ruhusa, ilikuwa ya kumzika Babu. Nilipomaliza kusema lile neno ndipo lilipokuwa kweli. Kabla ya hapo lilikuwa simu tu. Sasa nikifika mlangoni kwake nikitaka kusema "Bibi yangu anapasuliwa", nageuka, narudi kwenye rafu zangu. Najua ni ujinga. Jicho ni jicho, na kaburi ni kitu kingine. Najua. Miguu ndiyo haijui.

Tafadhali usikatae kwenda kwa sababu yangu. Hata kama ni pamoja na Msusi. Mwache akushike mkono.

Mumeo asiye na maana


Tarehe 9, mwezi wa tano

Mume wangu,

Nani kakuruhusu kujiita asiye na maana? Mimi ndiye ninayekutukana katika ndoa hii, usinichukulie kazi.

Marahaba. Wote hawajambo. Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza Msusi alilia, akaiharibu, akawa anasoma maneno na makamasi. Mara ya pili nikamwambia asome kama anasoma bei za sukari, ndipo nikaelewa.

Sasa na mimi nitasema, na tusirudie tena mpaka nife. Yule daktari alimwambia shangazi yako, mbele yangu, "Ni kisu kidogo tu." Mimi nimekata vitambaa maisha yangu yote. Najua mkasi ukiteleza upana wa ukucha nguo imekwenda, utatia kiraka, utatia pindo, lakini haitakuwa ile. Na kitambaa kinauzwa dukani, kingine unakipata. Hicho kidogo chake ndicho kinachoninyima usingizi. Msusi nampenda, lakini Msusi akiogopa anapiga kelele, na mimi nikisikia kelele nitatoka mezani na kisu kikiwa humo humo. Nakutaka wewe kwa sababu wewe ukiogopa unanyamaza.

Basi tumeogopa wote, yamekwisha, hakuna zawadi.

Kwenye bahasha hii kuna barua nyingine, imefungwa kwa uzi. Hiyo si yako. Ni ya bosi wako. Nimeiandika mwenyewe, Msusi hajaiona. Usiifungue, nimeifunga kwa fundo ambalo ukilifungua huwezi kulirudisha. Kampe mkononi Jumatatu, ile ya kwako au ya kwangu, ni siku moja. Usiseme neno kama huna neno. Mpe, simama.

Bibi


24 Mei

Shikamoo Bibi, shikamoo mke wangu,

Umenifanya nini!

Nilimpa. Jumatatu asubuhi, kabla sijavaa koti la kazi. Mama Kufuli akaitazama ile karatasi ya kaki na uzi wake mwekundu, akasema, "Hiki ni kipuri cha nini?" Nikasema ni barua ya Bibi. Akalihangaikia fundo mpaka akatoa kisu. Kisha, Bibi, akaanza kusoma kwa sauti, kwa sababu herufi zako haziwezi kusomwa kimyakimya, na ghala zima likatulia. Nayaandika hapa ili Msusi naye ayasikie:

"Wewe mama mwenye funguo. Mjukuu wangu anakuogopa kuliko anavyoniogopa mimi, na hilo limeniudhi. Nataka siku zake nne za mwezi wa sita, napasuliwa jicho na yeye ndiye mume wangu. Ukinipa nitakushonea sketi yenye mfuko imara wa funguo, maana nasikia zinakuning'inia ukitembea kama ng'ombe mwenye kengele. Ukininyima nitakuja mwenyewe, na kwa kuwa sioni vizuri sijui nitakayemkamata na kumtikisa atakuwa nani. Nasubiri."

Dereva alijificha nyuma ya matairi. Mama Kufuli akairudia ile ya ng'ombe, polepole, midomo inatembea. Kisha akanitazama.

"Ni kweli anapasuliwa jicho huyu?"

"Anapasuliwa, Mama. Tarehe kumi. Bibi yangu anapasuliwa." Likatoka tu, Bibi. Lote.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Desemba."

"Na ulikuwa unangoja nini? Uote mbawa ndipo useme?" Akavuta faili. "Siku nne hazitoshi, jicho si tairi. Chukua wiki nzima. Na ukirudi uniambie kama ametoka salama, usije ukaniandikia barua, nimechoka na barua."

Nikafika mlangoni akaniita. Akanipa kikaratasi kimekunjwa. Ni kipimo cha kiuno chake, na urefu. Anasema mfuko uwe upande wa kulia.

Nitafika Jumanne tarehe 9, mchana. Hii sijaiandika popote. Sijaibandikia kitu. Nakuja tu.

Mumeo


Tarehe 5, mwezi wa saba

Mume wangu uliyezimia,

Aibu uliyoniachia pale kliniki haitoki hata kwa sabuni ya unga. Mimi niliyepasuliwa nilikaa kitako kama jaji. Wewe msindikizaji, nesi kaanza tu kunibandua bandeji asubuhi yake, hata haijamaliza kutoka, tukasikia kishindo. Jicho langu likafunguka na cha kwanza kukiona duniani ni nyayo zako hewani, watu wawili wanakubeba kukulaza kwenye kitanda changu. Mgonjwa nimesimama, mzima kalala! Yule nesi wa watoto wachanga alikuja kutazama, akaniuliza, "Bibi, ndiye mtoto wenyewe huyu?" Nikamwambia ndiye, mpime uzito.

Marahaba. Sijambo. Jicho la kulia limepoa, linakula mwanga kama halijawahi kulishwa. Shangazi yako amekuja na mapacha, nimewaona, mmoja mzuri. Sketi ya Mama Kufuli imeondoka kwa gari la jana, mfuko nimeushona mishono mitatu, hata angeweka nyundo.

Nikushitakie jambo. Siku uliyoondoka nilikaa kwenye cherehani, nikachukua sare ya shule niliyoishona mwezi wa tatu, imeletwa kuongezwa upindo. Kitambaa bluu. Uzi wa kijani! Kijani ya chura! Nikatoka nje. Wanafunzi wanapita, mgongo wa huyu kijani, wa yule njano, mmoja ana mfuko umeshonwa kichwa chini, anaingizia mkono kwa chini kama mwizi wa kuku. Mke wa mwalimu akapita na gauni lake la zambarau, pindo la chungwa linawaka, ananisalimu kwa heshima zote. Nikamwita Msusi.

"Ulijua?"

"Nilijua, Bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Si ndiye wewe unayenitungia uzi kila asubuhi?"

"Ulikuwa unanitajia rangi kwa kuinyooshea kidole. Nikikuambia Bibi hii siyo, ulinijibu nini?"

Nakumbuka. Nilimjibu kipofu ni yeye.

Mtaa mzima, mume wangu. Mwalimu mkuu, waimbaji wa kwaya na majoho yao, wote wametembea hivyo mwaka mzima, hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Msusi anasema ni kwa sababu wananiheshimu. Uongo, wananiogopa, na sasa sijui nifurahi au niwe mtu mwema. Nimetangaza kila aliyeshonewa alete nguo yake nifumue, na atakayecheka atashona mwenyewe. Kitabu kimejaa mpaka mwisho wa mwaka. Nimekata vitambaa vipya, sasa navipanga kwa rangi pia, si kwa kupapasa. Msusi amenirudishia stika za jua zilizobaki. Nimezibandika. Zinapendeza kidogo. Usilifanye jambo kubwa.

Nawe nilikuona. Ulipolala pale umezimia, hufanyi vituko, hunijibu, nilikuangalia vizuri. Una kidevu cha babu yako. Chote, mpaka kile kishimo. Hakuna aliyeniambia, na mimi mwenyewe umekulia mikononi mwangu. Nilimwambia nesi asikuamshe kwanza.

Sasa sikiliza. Daktari amelitazama la kushoto, anasema nalo limeiva, analitaka Jumatano ya tarehe 12, mwezi wa nane. Nimemwambia sawa. Sikumuuliza kisu ni kidogo au kikubwa.

Barua hii ukimaliza kuisoma usikae mezani, usifungue bahasha ya stika, usitafute kalamu ya chungwa. Kesho asubuhi, kabla hujagusa boksi hata moja, nenda kwa yule mama. Simama wima. Sema kwa mdomo wako: naomba ruhusa, Bibi yangu anapasuliwa jicho la pili. Mimi sitakuandikia safari hii. Akikubali ndipo uandike, upambe upendavyo, hata ukitaka kupaka ukurasa mzima dhahabu. Na siku ya kuja, kunywa chai nzito na ule mkate kabla ya kuingia kliniki, maana kitanda ni kimoja na ni changu.

Nenda.